Viraka Vinavyokutanisha Watu

Haya mpenzi msomaji, kabla hatujaanza tufanye mchezo kidogo. Chukua ile CV uliyoituma mara ya mwisho kuomba kazi, shuka mpaka chini kabisa, pale kwenye kipengele cha mambo unayopendelea. Ngoja nibahatishe: kusoma vitabu, kutazama filamu, kusafiri na "kubadilishana mawazo". Nimepitia CV za vijana wengi wanaoomba nafasi hapa ofisini kwetu na karibu zote zinaimba wimbo mmoja. Sasa muulize huyo mpenda vitabu ataje kitabu cha mwisho alichosoma. Utamwona anavyoangalia dari.

Sikucheki, maana wengi wetu tuko hivyo hivyo. Tunatoka kazini saa kumi na moja, foleni inatuachia saa mbili usiku, kinachobaki ni sofa, rimoti na simu. Wikiendi ni harusi, au kikao cha harusi, au msiba. Kitu unachokifanya kwa mikono yako kwa sababu tu unakipenda, pamoja na watu wanaokipenda kama wewe, wengi hatuna. Basi mwezi huu nakupeleka kwa watu walio nacho, tena cha ajabu kidogo. Wao wanachukua vitambaa, wanavikata vipande vipande, halafu wanakaa miezi wakiviunga upya.

Kitu chenyewe kinaitwa kwilti. Waswahili tuna neno mfarishi tangu zamani, ila siku hizi ukilitamka mjini watu watadhani unaongelea dawa. Kwilti ni blanketi la matabaka matatu. Juu kuna vipande vya rangi mbalimbali vilivyoungwa kwa mpangilio, katikati pamba nyembamba, na chini kitambaa kimoja kizima. Halafu unashona kupenya matabaka yote matatu ili pamba isitembee, na mwisho unazungushia pindo. Ukisimuliwa hivi unaona rahisi. Ugumu uko kwenye robo inchi. Washonaji wa kwilti huacha robo inchi tu ya kitambaa nje ya mshono, na ukikosea kwa upana wa uzi kwenye kila kiungo, ukifika kiungo cha ishirini blanketi lako limepinda kama barabara ya Kitonga.

Najua unachotaka kuuliza: blanketi la pamba Dar es Salaam hii, la nini? Swali zuri, nami nililiuliza. Jibu la kwanza ni kwamba siyo wote tunaishi Dar. Jibu la pili ni kwamba wenyewe wanaoshona hawaifanyi kazi hiyo kwa ajili ya baridi peke yake.

Kule Marekani, ambako ufundi huu umeota mizizi hasa, kinamama wa karne ya 19 walikuwa wakiliwamba blanketi kwenye fremu kubwa ya mbao, wanakaa kuizunguka, na kila mmoja anashona upande ulio mbele yake. Kazi ya wiki kadhaa inaisha kwa siku moja. Mabinti walijifunzia hapo, kwa kutazama mikono ya wakubwa, na bila shaka umbea nao ulishonwa humo humo. Kuanzia miaka ya 1840 ukazuka mtindo wa kwilti za urafiki. Familia ikiwa inahamia mbali, marafiki na majirani kila mmoja anashona kipande chake, anaandika jina lake kwa wino, vinaungwa, mhamaji anaondoka na majina ya watu wake. Hakukuwa na simu, na wengi walijua hawataonana tena. Wewe rafiki yako akihamia Kanada unamwekea picha zenu "status" na vikopa vitatu, umemaliza.

Lakini walionikamata mimi kabisa ni kinamama wa Gee's Bend. Hiki ni kijiji cha Wamarekani Weusi huko Alabama, kimezungukwa na mto pande tatu, na jina lake rasmi ni Boykin. Wengi wao wanaitwa Pettway, jina la mzungu aliyemiliki shamba ambalo babu zao walikuwa watumwa. Mwaka 1962, watu weusi wa huko walipoanza kudai haki ya kujiandikisha kupiga kura, huduma ya kivuko ikaondolewa. Kivuko hakikurudi mpaka mwaka 2006. Hebu fikiria wewe ni mtu wa Kigamboni, unaamka asubuhi unaambiwa panton hakuna, na haitakuwepo kwa miaka 44.

Kinamama hao walishona kwa walichokuwa nacho, suruali za shamba zilizopauka, magunia, mashati yasiyovalika. Binti alijifunza kwa mama, mama kwa bibi, na kila nyumba ilikuwa na mkono wake. Mwaka 2002 kwilti zao zikatundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa Houston, kisha zikaenda Whitney, New York, na wataalamu wa sanaa wakabaki midomo wazi. Mwaka 2006 Posta ya Marekani ikatoa stempu zenye picha za kwilti 10 za kijiji hicho. Ila usidhani sifa ilikuja na amani. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakidai hawajalipwa inavyostahili, na mambo yakamalizwa mwaka 2008. Sifa na pesa siku zote havipandi basi moja.

Kati ya kwilti hizo kuna moja ya mwaka 1942 iliyoshonwa na Missouri Pettway. Mumewe aliugua muda mrefu, akafariki. Mama huyu akachukua nguo za kazi alizoacha marehemu, akazikata pamoja na binti yao mkubwa, Arlonzia, akazishona kuwa blanketi. Arlonzia ndiye aliyekuja kusimulia baadaye kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe, na alitaka kulala amejifunika mapenzi yake. Nguo zenyewe zimepauka hasa, na magotini unaona kabisa mahali pilipolika kwa kupiga magoti shambani. Wanandoa mnaonisoma, nawaacha na hilo dakika moja.

Na huu siyo msiba wa nyumba moja peke yake. Mwaka 1987 huko San Francisco, Cleve Jones na wenzake walianza kushona vipande vya kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, kila kipande futi 3 kwa 6, karibu ukubwa wa kaburi. Oktoba mwaka huohuo vipande 1,920 vikatandazwa Washington. Leo vimefika takriban 50,000. Walioshona wengi hawakuwa mafundi. Walifundishana hapohapo namna ya kushika sindano.

Sasa tuje kwenye kukutana, maana hapo ndipo penye raha. Mwaka 1985, Carolyn Mazloomi, mhandisi wa mambo ya ndege kwa taaluma, alikuwa anapenda kushona lakini hawaoni washonaji wenzake weusi kwenye maonyesho. Akaweka tangazo kwenye jarida la washonaji akitafuta wa kuandikiana nao. Wachache wakajibu, barua zikaanza kwenda na kurudi, na kutokana na barua hizo ukazaliwa mtandao wa washonaji wenye asili ya Afrika unaojulikana Marekani nzima. Baadaye ikaja intaneti na kasi ikabadilika. Mwaka 2009, Alissa Haight Carlton na Latifah Saafir walianzisha chama cha washonaji wa kisasa mjini Los Angeles. Wengi wao walikuwa wameshafahamiana kupitia kompyuta kabla hawajapeana mikono. Mwaka 2013 wakafanya mkutano wao mkubwa wa kwanza Austin, Texas.

Halafu kuna Jenny Doan. Huyu mama aliishi Hamilton, kamji ka watu wasiofika elfu mbili huko Missouri. Mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008 uliikumba familia yao, watoto wake wakamnunulia mashine kubwa ya kumalizia kwilti ili apate kipato. Mwaka 2009 mwanawe akamshauri ajirekodi akifundisha na video aziweke YouTube. Mama wa watu hata hakujua YouTube ni kitu gani. Anafundisha kama shangazi yako jikoni, akikosea anacheka na video inaendelea. Washonaji wakaanza kusafiri kwenda Hamilton kumwona, maduka yaliyokuwa yamefungwa yakafunguliwa moja baada ya jingine, na mpaka wanaume wakatengewa mahali pao pa kupumzika wakisubiri wake zao wamalize kununua vitambaa, kuna makochi na televisheni. Mume wangu alipoona hilo akasema huo sasa ndiyo uongozi bora.

Nimemtaja mume wangu, basi niseme na langu. Baba yangu alifariki miaka minne iliyopita. Baada ya arobaini nguo zake ziligawanywa kwa ndugu kama desturi, lakini mama alibakiza tatu sandukuni: kaunda suti ya kijivu, shati la mistari ya bluu, na shati la kitenge alilovaa kwenye send-off yangu. Kila nikienda Tukuyu nakuta sanduku lilelile, lina harufu ya naftalini, na hakuna anayeligusa. Niliposoma habari za Missouri Pettway nikapata wazo. Nilipomweleza mama, aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, sasa unataka kumkata baba yako?"

Sikuwa na jibu. Nikamsimulia tu habari ya yule mama wa Alabama na mumewe, na magoti ya ile suruali. Mama hakusema kitu, akaenda kulala. Asubuhi nilimkuta sebuleni, nguo zote tatu zimekunjwa mezani, na mkasi wake wa zamani juu yake.

Hapo sasa ndipo nilipowajua wenzangu wa mtandaoni. Nilijiunga na darasa la watu kama ishirini, kila Jumamosi saa mbili usiku saa zetu. Yupo nesi wa Ohio, yupo mstaafu wa Uingereza, yuko kijana wa Nairobi anayefanya kazi benki na hataki wenzake wajue. Niliwaonyesha nguo kwenye kamera, na kabla sijamaliza kueleza wakaanza. Kata kufuata mishono, usifumue. Mgongo wa shati ndiyo kipande kikubwa, uache mwisho. Usitupe mfuko wa kifuani, ushone mzima mzima, mtu atapenda kutia mkono humo. Kaunda suti ni poliesta, pasi ya moto itaifanya ing'ae na kusinyaa, kwa hiyo weka kitambaa cha pamba juu yake na upunguze moto. Shati la mistari limechoka, libandike kwa nyuma kitambaa kile chepesi cha kugandisha kola ndipo ulikate. Kila kitu nilichoambiwa usiku ule kimenisaidia, na hakuna hata mmoja aliyeniomba hela. Yule mstaafu aliniuliza baba alikuwa anaweka nini kwenye mfuko huo. Nikamwambia kalamu mbili, nyekundu na bluu, alikuwa mwalimu. Likapita kimya kidogo pale darasani, watu wazima wa nchi tano tofauti, kila mtu na sindano yake.

Mume wangu mwanzoni alinuna. Jumamosi saa mbili ni muda wa mpira, na mimi nimeukamata mtandao wote wa nyumba. Tukakubaliana: yeye anaangalia baa na rafiki zake bila kuulizwa maswali, mimi nashona bila kuulizwa chakula. Tangu tuoane hatujawahi kuwa na mkataba unaoheshimiwa kama huo. Nimegundua pia kwamba akirudi ana la kunisimulia, na mimi ninalo. Zamani tulikaa sofa moja jioni nzima, na hakuna aliyekuwa na habari ambayo mwenzake hajaiona.

Nisikudanganye, nako kuna vituko. Kuna watu darasani ambao wenyewe tunawaita polisi, kazi yao ni kuhesabu mishono ya wenzao. Kuna Wamarekani wananunua vitambaa vipya vya bei mbaya ili wavikate, jambo ambalo bibi yangu asingelielewa hata kidogo. Vifaa navyo havina mwisho, kisu cha gurudumu, mkeka wa kukatia, rula ya plastiki. Puuza. Anza na sindano, uzi wa pamba, mkasi wenye makali, subana ya kidole, na vipande vya kitenge ambavyo fundi wako anavifagia kila jioni. Mwombe kwa adabu, atakupa kifuko kizima. Chukua vya pamba, achana na vinavyoteleza.

Na kama huna cherehani, kuna njia inayokufaa zaidi, nayo ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Wiki ya tano mwalimu wetu alitufundisha kawandi, kwilti za Wasidi. Wasidi ni watu wa jimbo la Karnataka, India, wanaoishi vijijini na misituni huko Uttara Kannada, na asili yao ni huku kwetu, pwani ya Afrika Mashariki na Msumbiji. Wareno waliwapeleka babu zao Goa kama watumwa, baadhi wakatoroka wakaingia msituni. Leo wapo Waislamu, Wahindu na Wakatoliki, na kinamama wa dini zote wanashona blanketi hizi kwa nguo zilizochakaa, nyuma wakiweka sari kuukuu. Nami nilikuwa nafundishwa jambo hili na Mmarekani, nikiwa Sinza. Dunia bwana.

Kawandi haifuati utaratibu wa fremu. Unaanzia pembeni, unapachika kiraka, unakunja kingo zake ndani, unapiga bandi kwa mkono, unaongeza kiraka kingine, unazunguka hivyo ukisogea katikati. Kuunga na kushona kunafanyika pamoja. Hakuna robo inchi, hakuna kupima, mistari ya uzi inapita kama matuta ya shamba. Kwenye kona nne wanapachika vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, yaani maua, na blanketi lisilo na maua wanasema liko uchi. Baadhi yao kabla ya kufunga kiraka cha mwisho katikati hutia humo punje chache za mchele, kulishibisha tumbo. Mwaka 2004 kinamama hao waliunda ushirika wa kuuza kazi zao. Ukitaka kujifunza mtindo huu, ushauri wangu ni kwamba tafuta pia namna ya kununua kwao, maana yaliyowakuta wa Gee's Bend yanatosha.

Nilipowapigia picha wenzangu kazi yangu, niliwaambia nimeamua nguo za baba zitakuwa kawandi. Mama ndiye aliyefurahi zaidi, kumbe kupiga bandi alifundishwa na masista akiwa binti, na mkono wake ni mdogo na sawa kuliko wangu. Sasa tunashona wawili. Nikienda Tukuyu tunakaa upande huu na upande huu, mvua inanyesha kama kawaida ya kule, yeye ananisimulia mambo ya baba ambayo sijawahi kuyasikia, mengine nadhani hayakuwa ya masikio yangu. Wakati mwingine namweka kwenye kamera, nesi wa Ohio anampungia mkono, mama anajibu kwa Kinyakyusa, wanaelewana.

Mfuko wa kifuani tumeuweka upande atakaolalia. Kona tatu zina maua tayari, la nne tunalitoa kwenye ile kitenge ya send-off. Imebaki nafasi ya katikati ya ukubwa wa sahani. Nilibeba mchele kutoka Dar kwa ajili hiyo, mama akauangalia mkononi mwangu na kuurudisha kwenye mfuko. Anasema atatoa mwenyewe, wa Kyela, huo wa dukani baba yako hakuwa anaula.